Si kila gonjwa linaloua wengi ni tauni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Alhamdulillahi Rabbil alamin, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.



Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na hauishi. Ulianza mwaka 2020 wakati wa Korona, ukapoa, na kila yakitokea maradhi ya mlipuko unarudi tena. Unakuja kwa sura mbili. Sura ya kwanza inatoka kwa Muislamu mwenye mapenzi na dini yake. Anasema: Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa tauni haiingii Madina, na Korona imesemwa kuwa imeingia Madina, basi Korona haipo, ni uongo tu wa kutufungia misikiti. Sura ya pili inatoka kwa asiyeamini. Huyu naye anasema: tauni imeingia Madina, misikiti imefungwa, basi hadithi yenu imekwenda kinyume.

Wa kwanza amekanusha ugonjwa ili ailinde hadithi. Wa pili ameushika ugonjwa ili aitupe hadithi. Na vijana wetu wako katikati. Wanaulizwa kazini, wanaulizwa vyuoni, wanakosa la kusema, na shaka inaingia moyoni kidogo kidogo.

Ndugu zangu, hawa wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja. Wote wamedhani kila gonjwa linaloua watu wengi kwa wakati mmoja linaitwa tauni. Leo tuliangalie neno hili, limetoka wapi na lina maana gani, kwa sababu hukumu za dini zimefungwa kwenye maneno. Ukilikosea neno, umeikosea hukumu.

KWANZA: NENO TAUNI

Tauni ni Kiarabu, twaa'uun. Mzizi wake ni twa'ana, yaani kuchoma kwa mkuki au kwa kitu chenye ncha. Mtu aliyechomwa mkuki huitwa matw'uun, na mtu aliyepatwa na tauni huitwa matw'uun vilevile. Waarabu waliona mtu mzima wa afya anaanguka ghafla kana kwamba amechomwa na kitu asichokiona, wakalipa gonjwa hilo jina la jeraha.

Na hili linaafikiana na hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa tauni ni mchomo wa maadui zetu katika majini. Hadithi nyingine, ambayo Imamu Ahmad pia ameipokea kwa Bibi Aisha (r.a.), inaitaja alama yake ya nje: ni uvimbe unaofanana na uvimbe wa tezi unaompata ngamia.

Tazameni alama hiyo. Wanazuoni waliokuja baadaye, kama Qadhi Iyadh, Imamu Nawawi na Ibn al-Qayyim, walipoieleza tauni hawakusema tu kuwa ni gonjwa kali. Walieleza vidonda na uvimbe wenye maumivu makali, unaotoka sehemu laini za mwili, hasa kwapani, nyuma ya masikio na kwenye kinena. Sisi kwa Kiswahili uvimbe wa kinena tunauita mtoki. Basi tauni waliyoijua wao ilikuwa na mitoki.

Sasa nenda kwa madaktari wa leo. Mwaka 1894 huko Hong Kong, daktari Alexandre Yersin alikipata kijidudu cha tauni ndani ya mitoki hiyohiyo. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kuwa viroboto ndio wanaoibeba kutoka kwa panya hadi kwa watu. Na wala msidhani ni habari za mbali. Hapa kwetu Tanzania, wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, tauni hii ilianza kuripotiwa mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Wazee wa Lushoto hawahitaji kuelezwa mtoki ni nini.

Atauliza mtu: ni jini au ni kiroboto? Ibn al-Qayyim alishalijibu swali la namna hii kabla darubini haijakuwepo. Alisema matabibu wanaeleza wanachokiona, na hawana dalili ya kukanusha wasichokiona. Sisi tunaamini la ghaibu kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amelisema, na tunatega panya kwa kuwa macho yametuonyesha. Hakuna mgongano hapo.

PILI: NENO WABA

Neno la pili ni wabaa, na sisi tulilichukua tukasema waba. Hili maana yake ni pana. Kwa Kiarabu ardhi yenye maradhi mengi huitwa ardhi ya waba, na maradhi yoyote yanayoenea kwa watu wengi mahali pamoja huitwa waba. Inaweza kuwa homa, inaweza kuwa kuharisha, inaweza kuwa kifua. Waba ni jina la kuenea, tauni ni jina la gonjwa maalumu.

Kwa hiyo wanazuoni wakaweka mpaka ulio wazi: tauni ikiingia mji, huo ni waba bila shaka, kwa kuwa imeenea. Lakini waba ukiingia mji, huwezi kusema ni tauni mpaka uzione alama zake. Ni sawa na kusema kila mnazi ni mti, lakini ukiona mti usikimbilie kuita mnazi.

Dalili ya hili iko ndani ya Sahihi Bukhari yenyewe. Katika kisa cha safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham, alipofika mahali panapoitwa Sargh alipewa habari kuwa Sham umeingia waba. Gonjwa lenyewe lilikuwa tauni, ile maarufu ya Amwas, kijiji cha Palestina, mwaka wa 18 Hijria. Wakalitumia jina pana kwa gonjwa maalumu, na hilo ni sahihi. Lisilo sahihi ni kinyume chake.

TATU: TURUDI MADINA

Sasa ifungueni hadithi ya Madina. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa katika njia za kuingilia Madina kuna malaika, haiingii tauni wala Dajjal. Neno lililotumika ni tauni. Halikutumika waba.

Je, waba umewahi kuingia Madina? Ndiyo, na Bukhari huyohuyo ndiye anayetueleza. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa walipohamia Madina waliikuta ni ardhi yenye waba kuliko ardhi zote. Abu Bakr (r.a.) na Bilal (r.a.) walishikwa na homa kali, mpaka Mtume (s.a.w.) akaomba dua Madina itengenezwe na homa yake ihamishiwe Juhfa.

Mtu atasema hiyo ilikuwa kabla ya dua. Basi chukua nyingine. Bukhari amepokea kwa Abul Aswad, kwamba alifika Madina zama za ukhalifa wa Umar (r.a.) akakuta kumeingia maradhi na watu wanakufa haraka haraka. Alikaa pamoja na Umar na majeneza yakawa yanapita mbele yao. Haya ni maradhi yaliyoenea, yanaua, ndani ya Madina, baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, na maswahaba wako hai. Hakuna hata mmoja wao aliyesema hadithi imekwenda kinyume. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa Waarabu wanaojua lugha yao. Walijua kuwa kilichoingia ni waba na kilichozuiwa ni tauni.

Imamu Ibn Hajar al-Asqalani alizitumia hoja hizi zaidi ya miaka 500 kabla ya simu zenu hizi kutengenezwa. Aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhlul Maa'un fii Fadhlit Twaa'un. Na hakuandika akiwa mtazamaji wa mbali. Mabinti zake watatu walikufa kwa tauni.

Basi Korona, ambayo husababishwa na kirusi na hushambulia pumzi, haina mitoki. Ni waba. Kuingia kwake Madina hakugusi hadithi hata kwa unywele mmoja. Yule ndugu aliyekanusha ugonjwa ili ailinde hadithi alijisumbua bure. Hadithi ilikuwa salama siku zote, yeye ndiye aliyekuwa hatarini.

NNE: KISWAHILI CHETU KILICHANGANYA WAPI?

Lugha yetu inayo maneno mengi, na kila moja lina kazi yake. Janga ni balaa lolote kubwa: njaa ni janga, mafuriko ni janga, moto sokoni ni janga. Maradhi ya mlipuko ndilo neno la watu wa afya kwa kinachozuka ghafla na kusambaa. Kipindupindu ni jina la gonjwa lenyewe, na ndani yake mna kupinda, kwa kuwa mgonjwa hukazwa misuli mpaka akajikunja kwa kuishiwa maji mwilini. Watu wa pwani wa zamani walilitumia neno waba kwa maradhi haya, na hawakukosea, kwa kuwa yalikuja kwa kuenea. Mlipuko wa mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu Unguja na mrima wote.

Tauni ndilo neno lililopotea njia. Likaanza kutumika kwa kila maradhi mabaya, na hata katika Biblia ya Kiswahili limetumika kwa maana hiyo ya jumla, likazoeleka masikioni. Siwalaumu watu wa lugha, maneno hutanuka. Lakini hadithi haikusemwa kwa Kiswahili cha leo. Ukitaka kuijua hadithi, rudi kwenye neno kama lilivyoeleweka siku liliposemwa.

TANO: KUNA FAIDA GANI KUYAJUA HAYA?

Mtu anaweza kusema, Shekhe, maiti ni maiti, jina la nini? Nasema lina kazi kubwa, na nitataja mambo manne.

La kwanza ni ushahidi. Mtume (s.a.w.) amewataja watu watano kuwa ni mashahidi: aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini, aliyeangukiwa na jengo, na aliyeuawa katika njia ya Allah. Imo ndani ya Bukhari na Muslim. Angalieni, tauni imetajwa peke yake na tumbo limetajwa peke yake. Ndugu yako aliyekufa kwa kipindupindu huna haja ya kulazimisha aitwe wa tauni ili umtarajie shahada, mlango wake anao mwenyewe. Na waliokufa kwa Korona wakiwa na subira na imani, wanazuoni wengi wa zama zetu wamewatarajia malipo hayo kwa kuwalinganisha na hawa. Tunataraji, hatumkatii mtu hukumu, kwani anayezijua nyoyo ni Allah.

La pili ni kuingia na kutoka. Hadithi ya Abdurrahman bin Awf (r.a.) inatufundisha kuwa tukisikia tauni ipo mji fulani tusiuendee, na ikitokea tulipo tusitoke kwa kuikimbia. Umar (r.a.) alipotaka kurudi kabla hajaisikia hadithi hii, Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Jawabu lake kwa maana yake ni kuwa anatoka kwenye kadari moja kwenda kadari nyingine, kama mchungaji anayehamisha ngamia kutoka upande mkavu wa bonde kwenda upande wenye majani. Je, hukumu hii ni ya tauni peke yake au inaingia kila waba? Hapo wanazuoni wametofautiana. Mimi naona waliopanua wana hoja yenye nguvu: ikiwa gonjwa linasambazwa na watu kwa kusafiri, madhara ni yaleyale, na kumdhuru mwenzako ni haramu kwa jina lolote utakaloliita gonjwa. Anayetoka na kipindupindu mjini akakipeleka kijijini kwa mama yake, asijitetee kwa kamusi.

La tatu ni mikusanyiko. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanaodhani kuwa kukusanya watu wengi kwa dua wakati wa maradhi ndiyo alama ya imani. Ibn Hajar amesimulia aliyoyaona kwa macho yake Misri mwaka 833 Hijria. Tauni ilipoanza Kairo, waliokuwa wanakufa kwa siku hawakufika 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka wote jangwani kama wanavyotoka kuomba mvua, wakaomba, wakarudi. Mwezi haukuisha, vifo vikapita 1,000 kwa siku. Huyu ni mwanachuoni wa hadithi anayeandika, si adui wa dini. Dua haikuwa kosa, kila mtu aombe usiku na mchana. Lakini namna ya kukusanyika ile haikuwa na dalili.

Na imepokewa kwa Imamu Ahmad, kwa isnadi ambayo wanazuoni wameizungumza, kuwa katika tauni ya Amwas, Amr bin al-As (r.a.) aliwaambia watu gonjwa hili huwaka kama moto, basi watawanyike milimani. Wakatawanyika, na Allah akaliondoa. Habari ilipomfikia Umar (r.a.) hakuichukia.

La nne ndilo linaloniuma zaidi. Ni kule kumhukumu mgonjwa na maiti. Likitajwa neno tauni, watu wanaruka moja kwa moja kwenye adhabu: fulani kafa kwa gonjwa baya, lazima alikuwa na lake. Familia zinaficha wagonjwa kwa kuona haya. Mtu anaharisha usiku kucha, ndugu wanaogopa majirani watasema nini, wanampeleka zahanati asubuhi akiwa hana maji mwilini, na kipindupindu hakimsubiri mtu mpaka asubuhi. Akifa, watu wanaogopa hata kumsimamia jeneza.

Ndugu zangu, Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni. Akajibiwa kuwa ilikuwa adhabu ambayo Allah huwapelekea awatakao, na Allah akaijaalia rehema kwa waumini, na kwamba anayebaki mjini kwake kwa subira, akijua hakitamfika ila alichoandikiwa, ana malipo mfano wa shahidi. Hiyo ni tauni yenyewe, yenye mitoki, na bado kwa muumini ni rehema. Abu Ubayda (r.a.), aliyebashiriwa pepo, alikufa katika tauni ya Amwas. Muadh bin Jabal (r.a.), mjuzi wa halali na haramu, alikufa katika tauni hiyohiyo. Nani atasimama aseme walikuwa wanaadhibiwa? Ikiwa huwezi kusema hivyo kwa tauni, unapata wapi ulimi wa kusema kwa jirani yako aliyekufa kwa kuharisha?

Na maiti ana haki yake. Kumuosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Mtaalamu wa afya akisema kumgusa kuna hatari, fiqhi ina nafasi: atamwagiwa maji bila kusuguliwa, ikishindikana atatayamamishwa, kwa utaratibu tutakaoelekezwa. Lakini hatutupwi shimoni kama mizoga, na hatuachi kuswaliwa.

SITA: RAI YANGU

Rai yangu ni hii. Likitokea gonjwa, tuliite kwa jina lake. Kikiwa kipindupindu, tuseme kipindupindu. Neno hilo litatukumbusha kuchemsha maji, kunawa mikono, kutumia choo, kumpa mgonjwa maji ya chumvi ya kuongeza maji mwilini na kumkimbiza zahanati saa ileile. Ikiwa ni tauni, tuseme tauni, tutaangalia panya na viroboto na mitoki, na tutamuwahisha mgonjwa kwa kuwa leo ina dawa. Likiwa ni gonjwa la pumzi, tuseme hivyo, tutafungua madirisha na mgonjwa atabaki nyumbani. Ukiyaita yote tauni, hutajua ufanye nini, utabaki na hofu tu.

Na sisi maimamu na walimu wa madrasa tuna dhamana kubwa zaidi. Ujumbe ukikufikia wenye neno tauni na neno Madina, usiutume mbele kwa sababu tu una jina la Mtume (s.a.w.) ndani yake. Uliza: hadithi imetumia neno gani, wanazuoni wamelifasiri vipi, na kilichotokea ni kipi? Maswali matatu tu. Yangeulizwa mwaka 2020, kijana mmoja asingetiwa shaka katika dini yake, na mzee mmoja asingedanganywa kuwa hakuna ugonjwa.

Tuwafundishe watoto tofauti hii mapema. Mtoto wa madrasa anaweza kulihifadhi somo lote kwa maneno machache: tauni ni gonjwa, waba ni kuenea, Madina imelindwa na la kwanza, na aliyekufa kwa lolote kati ya hayo tunamuombea, hatumsengenyi.

Ewe Mola wetu, tulinde na maradhi mabaya, ya dhahiri na ya siri. Waponye wagonjwa wetu, wa majumbani na wa mahospitalini. Warehemu waliotutangulia kwa tauni, kwa waba na kwa kila maradhi, na uwakubalie kuwa mashahidi. Wape nguvu madaktari na wauguzi wanaosimama usiku kwa ajili yetu. Na utujaalie elimu yenye manufaa na ndimi zenye adabu. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako. Mwenye swali aliandike hapo chini, tutajibu kwa kadiri Allah atakavyotuwezesha.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.